Kuchagua baa ya stenlesi ukiishi karibu na bahari

Kwetu Bamburi, Mombasa, chuma hakidumu. Bawaba za madirisha, grili za veranda, mnyororo wa baiskeli, hata sindano za kushonea zilizosahauliwa kwenye droo, vyote vinashika kutu, na vinaanza mapema. Kusi ikishaingia, kuanzia Aprili, upepo unatoka baharini moja kwa moja na kuleta chumvi usiyoiona mpaka ulambe midomo. Jimu yetu iko juu ya nyumba, kwenye rufu, chini ya mabati, na ina ukuta pande mbili tu. Kwa mtu anayetoka jasho, hewa ile ni neema. Kwa chuma ni adhabu.

Tunaofanya mazoezi pale ni mimi na mdogo wangu wa kike, na siku nyingine binamu zetu wawili. Tunafanyia nyumbani kwa sababu tunataka kunyanyua vyuma bila mtandio na bila macho ya watu, na kwa sababu saa za wanawake katika jimu zilizo karibu nami zinaangukia wakati niko darasani nafundisha kemia. Vifaa vya mwanzo aliviacha kaka yetu alipokwenda kufanya kazi Dubai: makopo ya saruji yaliyotiwa bomba katikati, sahani chache za chuma, na baa moja, yaani ile fimbo ndefu ya chuma inayovalishwa sahani kila upande, yenye kromu inayong'aa. Kile king'aacho kilibabuka. Kromu ikibabuka haitoki unga, inatoka vigamba, na kigamba cha kromu kinachana kiganja vizuri tu. Mdogo wangu alipofungwa bendeji ya pili nilisema basi, tutafute baa ambayo itakaa.

Nimeulizwa mara nyingi na akina dada wanaofanya mazoezi nyumbani huku pwani nilichaguaje, kwa hiyo naandika yote hapa.

Baa karibu zote duniani ni chuma cha kawaida kilichovishwa kitu juu. Tofauti iko katika hicho kilichovishwa. Kuna oksidi nyeusi, ambayo inapendeza macho lakini kinga yake ni ndogo, inategemea mafuta uliyopaka. Kwa huku kwetu siishauri kabisa. Kuna zinki, ileile ya mabati ya nyumba, ambayo kazi yake ni kuliwa kwanza ili chuma cha chini kipone. Ni mpango mzuri kwa paa, kwa sababu paa halishikwishikwi. Baa inasuguliwa na viganja, na goti, na paja, na ndoano za stendi, na zinki inaisha hapohapo inapohitajika. Kuna kromu, na kromu zenyewe ni mbili: ile nyembamba ya urembo, iliyokaa juu ya nikeli, ndiyo ya baa nyingi za bei nafuu, na kromu ngumu, ya viwandani, ambayo ni nzuri zaidi na inadumu, ingawa ina nyufa ndogondogo sana ambazo chumvi ikikaa siku nyingi inaweza kupenya. Halafu kuna Cerakote, rangi yenye kauri ndani yake, inayostahimili chumvi vizuri sana mpaka siku inapokwaruzwa na chuma kingine.

Zote hizo, ulinzi uko juu, na kilicho chini ni chuma kilekile cha grili yako. Mkwaruzo mmoja unafungua mlango.

Stenlesi kinga yake iko ndani ya chuma chenyewe. Ili chuma kiitwe hivyo lazima kiwe na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 iliyoyeyushwa pamoja nacho. Kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni inajenga utando mwembamba mno, usioonekana, unaofunika chuma chote. Ukiukwaruza, oksijeni ya hewani inaujenga tena. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hupenda somo hili kuliko mengine, hasa nikiwaambia kuhusu Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ambaye mwaka 1913 alikuwa akitafuta chuma bora cha mitutu ya bunduki, na kazi ile ikazaa visu visivyoshika kutu.

Sasa kuna jambo moja ambalo naona ndilo lililoamua kila kitu kwangu, na sijaona likisemwa vya kutosha. Chuma cha kawaida kinaweza kuishi pwani miaka na miaka ukikipaka mafuta. Mabaharia wanajua, mafundi wa cherehani wanajua. Tatizo la baa ni kwamba sehemu inayopata jasho zaidi ndiyo sehemu usiyoweza kuiacha na mafuta. Pale penye meno, yaani ile michoro iliyochongwa ili mkono ushike, ukiacha mafuta baa itakuteleza ukiwa umeinua kilo themanini. Ni lazima uyafute kabla ya mazoezi. Ukiyafuta, unaweka juu yake jasho, ambalo ni maji na chumvi, na chaki, ambayo ni magnesiamu kaboneti na kazi yake ni kunyonya unyevu. Unyevu ule unakaa kwenye mabonde ya meno usiku kucha. Ndiyo maana baa inaoza kwanza mkononi.

Kwa hiyo pale katikati, kwenye shafti, stenlesi kwa mtu wa pwani si anasa. Lakini zile ncha mbili zinazovaa sahani hakuna anayezishika akiwa na mzigo. Zinaweza kuwa na mafuta siku zote. Nilipoelewa hivyo, bajeti yangu ilipumua.

Maana bei ndiyo kikwazo. Na hapa matangazo yanahitaji kusomwa kwa makini: baa nyingi zinazoitwa za stenlesi ni shafti tu iliyo stenlesi, na ncha zake ni kromu au zinki. Si udanganyifu, mara nyingi imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Baa ambayo shafti na ncha zote ni stenlesi zipo, na bei yake inapanda sana. Mimi nilimwandikia muuzaji nikauliza sehemu kwa sehemu. Shafti ni nini? Ncha ni nini? Bushi ni ya nini? Pete ya kufungia mwishoni ni chuma gani? Kifuniko cha ncha ni nini? Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu yote. Asiyejua atakutumia picha nyingine ileile ya baa inayong'aa, na hapo umeshajibiwa.

Nikachagua shafti ya stenlesi na ncha za kromu ngumu.

Bushi nazo zina hesabu yake. Kati ya ncha na shafti kuna kitu kinachoruhusu ncha kuzunguka, ili sahani zisikuvute mkono unapogeuza baa. Baa za wanyanyuaji wa Olimpiki mara nyingi zina beringi za sindano, ambazo zinazunguka kwa wepesi mkubwa kwa ajili ya kunyakua uzito kwenda juu ya kichwa kwa pigo moja. Beringi zile ni chuma, zimejificha ndani, zinahitaji grisi, na chumvi ikiingia huoni mpaka ianze kukwaruza. Sisi tunafanya skwoti (kuchuchumaa na baa mgongoni), dedilifti (kuinua baa kutoka sakafuni), benchi (kusukuma baa ukiwa umelala chali) na kusukuma juu. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji wepesi huo. Bushi ya bronzi inatosha, inabaki na mafuta ndani yake, na bronzi haishiki kutu ya chuma. Kwa jimu ya nyumbani karibu na bahari nisingenunua baa ya beringi hata ningepunguziwa bei.

Kuhusu vipimo, wengi hawajui kwamba baa zina ukubwa rasmi mbalimbali. Baa ya wanaume ya kunyanyua Olimpiki ina kilo 20, urefu wa mita 2.2 na unene wa milimita 28 pale unaposhika. Ya wanawake ina kilo 15, urefu wa mita 2.01 na unene wa milimita 25. Nafasi ya kati, baina ya ncha na ncha, ni ileile mita 1.31 kwa zote mbili, kwa hiyo stendi moja inazibeba. Baa za pawalifti, mchezo wa kushindana kwa skwoti, benchi na dedilifti, ni kilo 20 kwa wanaume na wanawake, na unene wake ni milimita 28 hadi 29. Kwenye zile, alama za kupimia mikono zimetengana sentimita 81. Kwenye za Olimpiki ni sentimita 91. Ukizoea moja na kushika nyingine bila kutazama, benchi yako yote inabadilika.

Milimita 25 na milimita 29, kwa karatasi, ni kitu kidogo. Shika zote mbili uone. Mimi vidole vyangu ni vifupi. Kwenye 29 kidole gumba kinagusa ncha ya kidole cha shahada tu, kwenye 25 kinakifunika. Dedilifti yangu ilikuwa inakatika mkononi kabla ya mgongo kuchoka. Kaka alinishauri kwa simu nichukue ya kilo 20, "ya watu wazima," akasema, kwa sababu nikienda mashindanoni nitaikuta hiyohiyo. Ana haki, dada anayelenga mashindano ya pawalifti afanye alivyosema kaka. Mimi siendi mashindanoni. Nina binamu wa miaka kumi na sita anayejifunza, na kuanza na kilo 15 badala ya 20 kwake ni tofauti ya kusukuma juu na kutosukuma kabisa. Tukachukua ya 15.

Mnakumbuka nilisema stenlesi haina kitu kilichovishwa juu. Faida nyingine ya hilo iko kwenye meno. Kromu na zinki vinajaza mabonde ya meno kidogo na kuyafanya butu. Stenlesi inabaki vilevile ilivyokatwa na mashine. Ukishika unahisi chuma chenyewe kinakushika nawe. Meno ya wastani yanatosha kwa mtu anayefanya mazoezi mara kadhaa kwa wiki, na ukichukua makali sana sugu zitapasuka. Meno ya katikati kabisa, yale yanayokaa mgongoni wakati wa skwoti, ni mazuri kwa skwoti nzito lakini yanakwaruza shingo na kuchana fulana. Baa yetu haina, na sijaona upungufu wake.

Nguvu ya chuma hupimwa kwa pauni kwa inchi ya mraba. Baa nzuri hutaja 190,000 au zaidi. Rogue, kampuni ya Ohio, Marekani, wanaitaja baa yao ya pawalifti kuwa karibu 200,000. Namba hiyo inasema itahitaji kuvutwa kwa nguvu gani mpaka ikatike. Ukiona tangazo linataja kilo tu, "inabeba kilo 700", jua kila muuzaji anapima kivyake, omba hiyo namba nyingine. Kwa sisi ambao mzigo wetu mkubwa haufiki kilo 120, baa yoyote ya heshima haitapinda kwa mzigo. Itapinda kwa kuangushwa juu ya kitu, kwa hiyo usiiangushe juu ya benchi wala juu ya vyuma vya stendi.

Kisa cha sumaku nacho nisikiache. Mjomba wetu ni fundi wa kuchomea Changamwe, ndiye aliyetutengenezea stendi ya skwoti kwa vyuma vya mraba. Baa ilipofika alikuja kuiona, na kabla hata ya chai akatoa sumaku mfukoni. Ikanasa.

"Mwanangu, wamekuuzia chuma. Stenlesi haishiki sumaku."

"Mjomba, hiyo ni stenlesi ya sufuria," nikamwambia. "Ile yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. Hii ni ya aina nyingine."

Akakaa, nikamweleza. Stenlesi ya sufuria na vijiko haigumishwi kwa moto, ni laini kiasi kwa kazi ya baa. Zile aina zinazoweza kugumishwa kwa joto, kama za visu, zinashika sumaku, na ni stenlesi kamili. Hata ile ya sufuria ikivutwa na kupondwapondwa baridi huanza kuvutika kidogo. Kwa hiyo sumaku haitakuambia ukweli wa baa. Mjomba alinisikiliza kwa makini, akaipapasa baa kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema huko gereji kwao wanakataa vyuma vizuri kila siku kwa sababu ya sumaku hiyo, na akaniomba nimwandikie majina ya aina hizo kwenye karatasi. Niliona fahari siku ile.

Tulivyoinunua: maduka mengi ya michezo hapa mjini yanauza zile baa za ncha nyembamba, na sahani zake ni za tundu dogo. Baa kamili ina ncha za milimita 50. Sahani za tundu dogo haziingii, na sahani za tundu kubwa juu ya ncha nyembamba zinachezacheza. Amua mapema, kwa sababu unanunua ukoo mzima wa vifaa. Kaka aliinunua Dubai, ikaja ndani ya bomba gumu la karatasi pamoja na shehena ya watu wengine kwa meli. Kitu cha mita mbili hakipandi ndege kwa bei ya kawaida, na vifurushi vingi vya posta vina kikomo cha urefu, kwa hiyo uliza usafiri kabla ya kuuliza baa. Weka pia akilini kwamba juu ya bei na usafiri kuna VAT ya Kenya ya asilimia 16 na ushuru wake. Kwa jumla ilitugharimu zaidi ya vifaa vyetu vingine vyote vikijumlishwa, na mchango wa kila mmoja ulikuwa kwenye chama chetu kidogo cha mwisho wa mwezi.

Ikifika, ikague siku hiyohiyo. Iviringishe juu ya vigae vilivyo sawa utazame kama katikati inarukaruka. Zungusha ncha kwa kidole, sikiliza. Kama fundi wa jirani ana kalipa, pima unene sehemu tatu. Ipeleke kwenye mizani ya duka la jumla. Baa za mashindano ya Olimpiki zinaruhusiwa kuzidi asilimia 0.1 tu, na kupungua asilimia 0.05; ya nyumbani haihitaji usahihi huo, ila tofauti ya nusu kilo ni sababu ya kumwandikia muuzaji.

Utunzaji, ambao wengi wakishanunua stenlesi wanadhani umeisha. Haujaisha. Chumvi ya bahari ni kloridi, na kloridi ndiyo adui hasa wa ule utando. Ikikaa juu ya stenlesi siku nyingi inatoa madoa ya kahawia, na ikikaa zaidi inachimba vishimo. Uso uliosuguliwa laini unapata shida kidogo. Uso wenye mabonde, kama meno ya baa, unahifadhi chumvi zaidi. Na jambo la kushangaza ni kwamba chuma kilicho chini ya paa kinaweza kuchafuka haraka kuliko kilicho wazi, kwa sababu mvua hukiosha kile cha nje na hiki cha ndani hakioshwi na mtu. Basi ioshe wewe. Sisi baada ya mazoezi tunapiga brashi ya nailoni kutoa chaki, tunapitisha kitambaa chenye maji, tunakausha kwa kitambaa kingine. Maji yawe matamu. Visima vingi vya Bamburi vina maji ya chumvi, na kuosha baa kwa maji yale ni kuipaka chumvi upya. Tunatumia kikombe kimoja cha maji ya kunywa, na kinatosha.

Usitumie stilwuli wala brashi ya waya ya chuma cha kawaida. Inaacha chembe za chuma kwenye meno, zile chembe ndizo zinashika kutu, nawe utalalamika kuwa stenlesi yako ni bandia. Kwenye ncha, tone la mafuta ya cherehani kila wiki mbili hivi, lipakwe kwa kitambaa, na tone jingine pale ncha inapokutana na shafti ili liingie kwenye bushi. Mafuta yakizidi futa, yasije yakatambaa mpaka kwenye meno. Na msitoke mkaacha sahani zimevaa, maana kati ya sahani na ncha ndipo unyevu unapolala.

Wenzangu wa Nairobi, Eldoret na Dodoma mnaonisoma, haya mengi hayawahusu. Hewa yenu haina chumvi. Mkikausha jasho na kupaka mafuta kidogo, baa nzuri ya kromu ngumu au hata zinki itawatumikia miaka mingi. Ile pesa ya ziada ya stenlesi nunueni sahani, na kama zitabaki, nunueni za kilo 1.25 jozi mbili, kwa sababu maduka hayapendi kuziweka na bila hizo wanawake wengi tunakwama kwenye kusukuma juu kwa miezi. Wa Tanga, Lamu, Unguja na Mtwara, tuko pamoja. Mkiandika kwa muuzaji, anzeni na shafti.